Lita Kumi na Tano za Bi Mwanatatu

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumapili, siku ya tano baharini, bakuli la maji la paka lilikuwa limeshuka milimita mbili tu kutoka kwenye mstari nilioutia kwa kalamu Ijumaa.

Milimita mbili ni za jua. Paka hakuwa amekunywa tone.

Siku mbili kamili, joto digrii thelathini na tatu, na paka mwenyewe amekaa juu ya rundo la kamba analamba makucha. Alikuwa na afya kuliko sisi sote wanne.

Nilimshika, nikavuta ngozi ya shingo. Mnyama mwenye kiu, ngozi hubaki imesimama. Yake ilirudi papo hapo.

"Huyo si paka," alisema mume wangu Mwidani kutoka kwenye usukani. "Ni jini. Tumelipakia Moroni."

"Jini halikojoi. Huyu jana amekojoa kwenye mchanga wake mara tatu. Nimehesabu."

"Wallahi wewe, Izraili akija kukuchukua utampima kwanza kwa rula."

Sikucheka. Yeye mwenyewe hakucheka. Alikuwa hajalala tangu Alhamisi, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa chumvi.

Naitwa Kafedha. Nilizaliwa Changamwe, na kwa miaka kumi na moja nilipima matangi ya mafuta kwenye depo moja huko. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Unapanda juu ya tangi, unashusha fimbo ya shaba yenye alama, unasoma mafuta yamefika wapi, unaandika. Jioni unarudia. Kikipungua kitu ambacho hakuna lori lililopakia, unatafuta kimekwenda wapi.

Pale depo tulikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote: unaanza na watu, si na tangi. Tangi la chuma halina tamaa.

Mara tatu nilianza na watu. Mara tatu nikampata mwizi.

Depo ilipopunguza wafanyakazi, jina langu lilikuwemo. Mwidani ni fundi wa vyombo kwao Mtongwe, na kwa miaka minne alikuwa akifufua mashua ya tanga ya futi thelathini na mbili iliyoachwa kwenye matope ya hori. Aliipa jina Tausi. Alitaka kuzunguka visiwa kabla mgongo wake haujakataa: Pemba, Unguja, Mafia, kisha Ngazija.

Tulikuwa wanne. Mimi, yeye, binti yetu Mishi wa miaka kumi, na mama yake Mwidani, Bi Mwanatatu, miaka sitini na minane, mwenye presha na vidonge vyake kwenye mkebe wa biskuti.

Na Karani. Paka tulimwita Karani kwa sababu kila nikifungua daftari alilala juu yake.

Nitasema ukweli kuhusu safari za visiwa, kwa kuwa picha za mtandaoni hazisemi. Wiki mbili za kwanza ni nzuri. Baada ya hapo godoro halikauki. Unaota vidonda unapokalia. Unakula wali na samaki mpaka unamchukia samaki usoni. Watu wanne mnaopendana mnaanza kusikilizana mnavyotafuna.

"Ukifika nyumbani unataka nini?" Mwidani alimuuliza Mishi tulipokuwa Moroni.

"Choo kisichotikisika," alijibu.

Tulisherehekea Idi hapo Moroni. Jumatano iliyofuata, tarehe ishirini na tano Machi, tuling'oa nanga kurudi. Maili mia tano. Siku sita, saba tukichelewa. Tangi la maji matamu lilikuwa limejaa: lita mia moja na sitini. Niliweka kiwango cha lita kumi na mbili kwa siku, tatu kwa kila mtu. Kuoga na kuosha vyombo ni kwa maji ya bahari. Kwa hesabu hiyo tulikuwa na siku kumi na tatu.

Madumu mawili ya akiba nilikubali yatiwe dizeli badala ya maji. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, nalo niliandike hapa kabla sijaandika la mtu mwingine.

Alhamisi asubuhi nilishusha kijiti chenye alama ndani ya tangi. Lita mia moja thelathini na tatu.

Nilipima tena. Ni hivyo hivyo.

Tulikuwa tumetumia ishirini na saba badala ya kumi na mbili.

Adhuhuri siku hiyo upepo ulikufa. Tanga lilining'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani. Mwidani aliwasha injini, ikalia mara moja, ikanyamaza. Starta ilikuwa imeungua. Alikuwa amebeba spea za kila kitu isipokuwa hiyo.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, kijiti kilisoma mia moja na sita. Ishirini na saba tena.

Upungufu ulikuwa lita kumi na tano kwa siku, juzi na jana, bila kubadilika.

Kitu kinachopungua kwa kiasi kilekile kila siku kina ratiba. Nikajiuliza, ndani ya chombo hiki ni nani mwenye ratiba?

Bi Mwanatatu alikuja na birika lake la bati kutoka Mtongwe. Nyumbani ni mimi ninayelijaza. Linachukua lita tatu. Kila swala hulichukua, huenda nalo nyuma ya chombo, anajizungushia turubai, anatawadha. Hakuna mtu anayemchungulia. Ni adabu.

Swala ni tano. Birika ni lita tatu. Tatu mara tano ni kumi na tano.

Hesabu ilitoka sawa kabisa, bila desimali.

Mwidani alikuwa amejikunja ndani ya chumba cha injini na Mishi alikuwa amelala. Niliona ni wakati mzuri, nisimwaibishe mbele ya watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Kidogo. Mama, nina neno kuhusu maji."

"Sema."

"Tangi linashuka kuliko tulivyopanga. Lita kumi na tano kwa siku. Nimepiga hesabu, naona ni za birika. Sisemi usisali, mama. Ila upepo hakuna, injini hakuna, na hatujui tutakaa hapa siku ngapi. Mtoto yumo humu."

Niliandika baadaye kwamba alinitazama kama sekunde kumi.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nitapunguza."

Nikaandika: *Amekubali.*

Asubuhi hiyohiyo nilianza mgao. Kila mtu lita moja na nusu kwenye chupa yenye jina lake, asubuhi anairudisha tupu, najaza. Lita mbili za kupikia, tukichanganya na maji ya bahari. Jumla nane. Nikafunga mpini wa pampu kwa utepe, nikatia sahihi juu ya utepe, kama tulivyotia lakiri kwenye vali kule depo.

"Sasa umetufanya sote wezi," Mwidani alisema alipouona.

"Ni utaratibu."

"Utaratibu! Hata mimi niliyeitengeneza hiyo pampu?"

"Hata mimi," nilimwambia. "Sahihi ni yangu, nikiikata itaonekana."

Jumamosi asubuhi utepe ulikuwa mzima. Sahihi haijaguswa.

Kijiti kilisoma themanini na tatu.

Lita nane nilizotoa mimi mwenyewe. Kumi na tano zimekwenda.

Wengine mtauliza kwa nini sikuelewa hapo hapo. Pampu imefungwa, birika haliwezi kujazwa, maji bado yanashuka. Ukweli ulikuwa umekaa mbele yangu umenikodolea macho. Lakini mtu akishampata mwizi, ushahidi mpya haumfanyi amwache. Humfanya atafute mwizi ameingilia wapi. Nilikwenda kwenye kifuniko cha kujazia tangi kule sitahani, nikatazama kama kuna alama za mpira wa kunyonyea maji. Nilipiga magoti pale kwa dakika ishirini, jua likinichoma, nikitafuta alama za mama mkwe wangu.

Yeye alikuwa amelala chini ya turubai. Nilimwona, sikushangaa. Alikuwa akifunga sita, zile saumu za baada ya Idi. Mwidani alimkataza: msafiri, mwenye presha, kwenye joto lile. Alimjibu kwamba amezifunga miaka arobaini na hataanza kuziacha kwa ajili ya mashua. Kwa hiyo chupa yake kukaa mchana kutwa bila kuguswa lilikuwa jambo la kawaida. Magharibi nilimwona akifungua kwa tende. Alinyanyua kikombe. Sikupima kilikuwa na nini.

Usiku huo, tukila, Mishi alisema, "Karani hanywi maji yake."

"Huyo yuanywa," Bi Mwanatatu alisema polepole. "Hamumuoni tu. Usiku namsikia, chini ya kitanda changu. Lap, lap, lap."

"Mama naye," Mwidani alisema. "Chini ya kitanda kuna mkahawa?"

Bi Mwanatatu alitabasamu, akafumba macho. Sikuandika maneno hayo. Nilidhani ni uchovu.

Sasa tumerudi Jumapili, saa kumi na mbili na dakika arobaini, na bakuli.

Kijiti asubuhi hiyo kilisoma sitini. Nane zangu, kumi na tano za nisiyemjua. Kwa mwendo huo tungekauka Jumanne jioni, na mbele yetu palikuwa na maili mia tatu na bahari iliyolala kama mafuta ndani ya tangi.

Nilimwachia paka. Nikaketi, nikamfuata kwa macho.

Saa moja na dakika tano aliinuka, akajinyoosha, akashuka ngazi. Nilivua viatu, nikashuka nyuma yake. Alikwenda moja kwa moja hadi kitanda cha Bi Mwanatatu, ambacho kilikuwa kitupu kwa kuwa yeye alilala sitahani kwenye hewa. Chini ya kitanda hicho ndiko lilipo tangi. Kuna mlango mdogo wa mbao wenye upenyo wa vidole vinne. Karani aliingiza kichwa, kisha mabega, akapotea.

Lap, lap, lap.

Nilivunja mlango kwa bisibisi, nikamulika.

Paka alikuwa akilamba kiungo ambapo mpira unatoka chini ya tangi. Mpira ulikuwa na ufa mdogo kama unywele. Maji yalitoka tone kwa tone, yakashuka kwenye ubao hadi kwenye ngama, lile shimo la chini kabisa ambako maji yote ya chombo hukusanyika. Na ngama ina pampu inayojiwasha yenyewe na kuyamwaga baharini. Niliisikia ikiunguruma kila usiku. Kila chombo cha zamani huingiza maji kidogo, hatukujali.

Nililowesha kidole, nikakilamba. Maji matamu.

Niliweka kikombe chini ya ufa, nikatazama saa. Dakika kumi, mililita mia moja na nne. Kwa saa ishirini na nne hizo ni lita kumi na tano, ukiacha zile zilizopita kwenye ulimi wa Karani.

"Mwidani!"

Alishuka, akatazama, akakaa sakafuni. Ni yeye aliyeufunga mpira ule.

"Ni wangu huo," alisema. "Niliona ni mzee, nikasema utafika."

"Ziba kwanza."

Alikata mpira, akatia kipande kipya na kibano. Saa mbili na nusu kikombe kilichokuwa chini yake kilikaa kikavu. Lita hamsini na tisa zilizobaki, pamoja na zile za chupani, kwa nane kwa siku, zilikuwa siku saba. Tungeishi.

Nilipanda sitahani kumwambia Bi Mwanatatu. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kuanza na samahani kabla ya maelezo.

"Shikamoo, mama."

Hakujibu.

Nimeolewa katika nyumba ile miaka kumi na miwili. Hata siku aliyomzika mumewe, nilimwamkia akaniitikia.

"Shikamoo, mama."

Nilimgusa. Ngozi ilikuwa kavu. Niliivuta ile ya nyuma ya mkono, kama nilivyovuta ya paka. Ilibaki imesimama. Mapigo ya moyo mia moja na kumi na nane. Ulimi umekwama kwenye meno.

"Mishi! Maji! Chupa ya bibi!"

Mtoto alikuja mbio. Hakuleta chupa. Alileta birika, amelikumbatia kwa mikono miwili, mdomo wa birika umefungwa kwa kitambaa cha kanga.

"Si hilo, mwanangu. Hayo ni ya kutawadha."

"Siyo, mama. Bibi hatawadhi kwa haya."

"Anatawadha kwa nini?"

"Maji ya bahari. Tunachota kwa kopo la maziwa. Mimi ndiye nashika kamba."

"Tangu lini?"

Alinishangaa, kama mtu anayeulizwa jua linachomoza wapi. "Tangu Mtongwe. Maji ya bahari ni twahara, mama. Hata madrasa tumesoma."

Niligeuka kwa Mwidani.

"Hata mimi natumia hayo hayo," alisema. "Kwani ulidhani nini?"

Nilifungua kitambaa, nikaonja. Maji matamu. Birika lilikuwa karibu kujaa.

"Haya ni ya nini, Mishi?"

"Ya mgao wake. Kila siku anamimina humu. Alisema nisiseme, ni amana, nitakunywa mimi yale ya tangi yakiisha."

Ijumaa nilimpa lita moja na nusu. Jumamosi moja na nusu. Jumla tatu. Chupa ya Jumapili ilikuwa bado imejaa pembeni yake. Nilipima yaliyokuwamo birikani siku hiyohiyo, kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine kwa mikono yangu Mwidani alipopokea zamu ya kumnywesha mama kwa kijiko. Lita mbili na mililita mia sita.

Alikuwa amekunywa mililita mia nne kwa saa arobaini na nane, na hayo ndiyo aliyomezea vidonge vya presha, ambavyo navyo hutoa maji mwilini.

Tulitia sukari vijiko sita na chumvi nusu kijiko kwenye lita moja. Kijiko kimoja kila dakika. Mwidani alimwambia sikioni, "Mama, saumu imekwisha. Mgonjwa hana saumu," tena na tena, hata pale ambapo hakuna dalili kwamba anasikia. Saa tano alimeza mwenyewe. Saa nane alikojoa, nikaandika. Saa kumi alifungua macho.

"Kafedha."

"Abee, mama."

"Maji yamepatikana?"

"Mpira ulipasuka. Si wewe, mama. Hukuwa wewe hata siku moja. Kwa nini hukuniambia unatumia maji ya bahari?"

Alivuta pumzi mara mbili kabla ya kujibu.

"Hukuniuliza ni maji gani. Ulikuja na hesabu yako imekwisha."

"Ulisema utapunguza."

"Nikapunguza." Alifumba macho. "Maji ya tangi niliyotumia yalikuwa ya kunywa tu, mwanangu. Ningepunguza yapi?"

Mwidani alikuwa ameshika tanga lisilo na upepo. Nilimsikia akiuliza, "Hesabu gani?" Nikamwambia yote, mbele ya mama yake na mbele ya mtoto. Hakunitukana. Alisema, "Mimi nimeua mpira, wewe ungeua mama," kisha akaenda kukaa mbele peke yake hadi magharibi.

Upepo ulirudi Jumatatu saa tisa alasiri. Alhamisi, tarehe mbili Aprili, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Tausi ilifunga kamba Mtongwe, karibu na gati la zamani la feri. Shemeji yangu Baya alikuwa akingoja na teksi. Bi Mwanatatu alilazwa siku mbili. Daktari alisema figo zimechoka lakini zinafanya kazi, arudishwe baada ya mwezi kupimwa tena. Sijui kipimo hicho kitasema nini, kwa hiyo sitakisia.

Najua mnaosoma simulizi hapa, wengi huruka hadi mwisho kutafuta funzo. Langu ni hili. Hesabu ikitoka sawa haijathibitisha kitu. Imetoka sawa tu. Ukitaka kumwambia mtu anatumia kiasi gani, muulize kwanza anatumia nini. Mimi nililipwa miaka kumi na moja kwa kupima, na kitu pekee ambacho sikupima ndicho nilichomshtakia.

Na hata kuhusu lile birika nilikosea.

Jumamosi, tarehe nne, alirudi nyumbani. Saa kumi kasoro dakika tano alasiri aliomba maji ya kutawadha. Nilijaza birika mpaka juu, lita tatu, nikampelekea uani, nikaomba nimmiminie. Alikubali. Alinawa mikono, akasukutua, akapandisha puani, akanawa uso, mikono, akapaka kichwa na masikio, akaosha miguu. Maji yalitoka membamba kama uzi. Kila nilipoinamisha zaidi, aligusa mkono wangu niinue.

"Basi, mwanangu. Yatosha."

Alipoingia kusali nilipima yaliyobaki. Lita mbili na mililita mia nne. Miaka kumi na miwili nilijaza birika lile, sikuwahi kutazama ndani baada yake.

Nilimimina sehemu kwenye bakuli la Karani, lile lenye mstari wa kalamu. Saa kumi na dakika kumi na saba alikuja, akanusa, akanywa.